Mpaka Nilioula Mimi

Simu ilinikuta sokoni Jabe, hapa mjini, nimeketi nyuma ya magunia yangu, napepeta mchele wa mteja mmoja asiyetaka kuona hata chuya moja. Alikuwa mdogo wangu, yule anayelima shamba la marehemu baba huko kwetu bondeni, kando ya mto Rusizi. Aliniambia kwamba maji ya mafuriko yameshuka, mashamba yameanza kuonekana, na Jumamosi watu wa komine, yaani serikali ya mitaa, wanakuja kupanda mawe ya mipaka, maana nyua zote za miti ya miyenzi zimekwenda na maji.

"Wamesha kumupigia kaka," akasema. "Watamutafuta na gari kule Kibenga. Ye ndo atawaonyesha mipaka yote."

Nilikata simu bila kuaga. Mteja akaniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia hapana, nikaendelea kupepeta. Wewe ni rafiki, sitakuficha: sikuwaza nyumba zilizozama wala ndugu waliolala shuleni wiki nzima. Niliwaza kwamba kaka ametumiwa gari, na mimi nimepewa habari tu. Nina wajukuu, nimevuka hamsini, na wivu ule ulinishika palepale ulipokuwa ukinishika nilipokuwa na miaka minane.

Kaka ninayemtaja si wa tumbo moja nami. Ni mtoto wa baba mkubwa, amenizidi mwaka mmoja tu, na tulikulia kwenye ua mmoja, kwa bibi mzaa baba. Tulikula sahani moja na kuugua surua pamoja. Lakini bibi alimpa yeye kitu ambacho hakunipa mimi, na ndicho ninachotaka kukusimulia.

Babu na bibi waliposhuka bondeni hapakuwa na kijiji. Palikuwa na matete, mbu, na viboko waliokuja kulala popote walipotaka. Serikali ya wakati ule iliwagawia watu vipande vya ardhi walime pamba, na watu wakaja kutoka kila upande: wengine walishuka milimani, wengine walivuka mto kutoka Congo, na familia chache za Kiislamu zilitoka Buyenzi mjini zikitafuta pa kulima. Pamba ilipoacha kuwa na maana, mfereji mkubwa ukachimbwa na mpunga ukaingia. Nyumbani tulizungumza Kirundi, au Kifuliiru, au chochote tulichonyonya nacho. Kwenye mfereji tulizungumza Kiswahili, kwa sababu huko ndiko tulikogombana, na ugomvi unataka lugha ambayo kila mtu anaisikia.

Ugomvi wenyewe ulikuwa mmoja. Kila baada ya miaka kadhaa mto ulipanda, ukafuta kila kitu, na maji yaliposhuka mlikuta uwanja mmoja wa matope kutoka kwenu hadi kwa jirani. Ua ulikwenda. Vijiti vilikwenda. Karatasi, kwa waliokuwa nazo, mchwa walizimaliza kabla ya maji. Babu, kabla hajafa, alizika vigae vya chungu na makaa chini ya kila mpaka, kwa kuwa mkaa hauozi. Lakini kujua kwamba mkaa upo ni jambo moja. Kujua uchimbe wapi ni jambo lingine.

Hapo ndipo bibi alipoleta desturi yake. Sijui aliitoa kwao milimani au aliibuni mwenyewe. Hakuna aliyethubutu kumwuliza. Kila mwaka, asubuhi ile kabla mlango wa maji wa mfereji haujafunguliwa, bibi alitembea kando ya mfereji akiwa na mtoto mmoja. Kila mwenye shamba alisimama kwenye mpaka wake akimsubiri, na mkononi ameshika kitu cha kula. Mtoto alikanyaga mpaka kwa miguu miwili, akapokea, akala mpaka akamaliza, kisha wakaenda kwa mwingine. Kila nyumba ilikuwa na kitu chake na haikuruhusiwa kukibadilisha mwaka hadi mwaka. Desturi hiyo tuliiita kula mpaka. "Jicho linadanganywa na maji," bibi alikuwa akisema. "Ulimi haudanganywi."

Mtoto huyo alikuwa kaka.

Jaribu kuwaza na wewe ungejisikiaje. Kwa mzee aliyeshuka milimani alilambishwa asali kwenye jani la mgomba. Kwa mvuvi aliyekuwa pia na robo ya shamba alipewa ndagala, yaani dagaa, wa kukaanga, kiganja kizima. Mwalimu wa shule alimpa muwa uliokwisha menywa. Mama mmoja wa Kiislamu alimtolea kitumbua cha moto kwenye karatasi, na harufu ya iliki ilitufikia sisi wengine tuliosimama mbali na makopo yetu ya kufukuzia ndege. Kulikuwa na kipande cha muhogo kilichochovywa kwenye mawese, na maziwa ya mgando kwenye kibuyu, na karanga mbichi zenye udongo bado. Mimi nilikuwa nameza mate. Siku hiyo nyumbani hatukupikiwa kitu mpaka jua likiwa juu, maana kila mtu alikuwa mferejini.

Lakini usidhani ni njaa tu. Watu wazima walikuwa wakimtazama kaka akitafuna. Wanaume wenye mvi walisimama kimya wakisubiri mtoto wa miaka tisa ameze. Hakuna mtu aliyewahi kunisubiri mimi nimeze kitu.

Nilimwuliza bibi mara moja tu kwa nini si mimi. Alikuwa anachambua maharage na hakuinua kichwa. "We utaolewa," akasema. "Utaondoka na mipaka ya watu mu tumbo, na huko utakoenda haitasaidia mutu." Nikamjibu kwamba yeye mwenyewe ni mwanamke, aliolewa, na ndiye anayejua mipaka yote. Akanipiga kofi dogo la mgongoni, lile la kumwambia mtoto kwamba amesema kweli lakini aondoke.

Basi nikawa nawafuata. Nilipita upande wa chini wa mfereji, ndani ya matope, nikijificha nyuma ya majani, na bibi, ambaye macho yake yalikwisha anza kupata ukungu, alijifanya hanioni au hakuniona kweli.

Mpaka wa mwisho kabla ya shamba letu ulikuwa kati yetu na jirani mjane. Mama huyo alilima intore, zile bilinganya ndogo za kijani, na wateja wake walikuwa hapahapa Jabe. Kitu chake cha mpaka kilikuwa intore moja, mbichi. Kama umewahi kuuma intore mbichi, basi unajua. Kama hujawahi, usijaribu. Ulimi unakauka, machozi yanatoka, na uchungu haushuki. Unakaa kooni kama umekodi chumba.

Kaka hakuiweza. Mwaka wa kwanza nilimwona akiweka intore mdomoni, akigeuka kama anayetaka kukohoa, na mkono wake ukaja nyuma ya mgongo, umefunguka. Ndani ya kiganja ilikuwa intore yenye alama ya meno. Alijua niko pale. Bibi alikuwa anaongea na mjane. Nikapanda ukingoni, nikaichukua, nikaila yote.

Kwa nini niliila? Ningeweza kuitupa majini. Niliila kwa sababu ilikuwa mpaka. Katika mipaka yote ya bonde lile huo ndio pekee ulionifikia mkononi, na hata ungekuwa jiwe ningeutafuna. Wao walipopita mbele, nilisimama kwa miguu miwili, mahali palepale alipokuwa amesimama yeye, nikatafuna huku machozi yakinitoka. Kisha nikapiga magoti kunywa maji yaliyobaki kwenye mfereji, nikainua uso, nikaona milima ya Congo. Kuna pengo kwenye mlima mmoja, kama jino lililong'oka. Kutoka pale nilipopiga magoti, pengo lilikaa sawasawa juu ya nguzo ya kushoto ya mlango wa maji. Si kulia, si katikati.

Miaka mitatu mfululizo tulifanya hivyo. Hatukuwahi kuongea juu yake, hata tulipogombana vibaya. Alikula asali na vitumbua na maziwa ya mgando mbele ya watu, na mimi nilikula uchungu kwa siri, na jioni watu walimbeba yeye mabegani.

Baadaye ikawa kama bibi alivyosema, isipokuwa kwamba kaka naye aliondoka. Alisoma, akapata kazi ofisini mjini, akajenga Kibenga. Mimi niliolewa na fundi wa baiskeli, nikaja Jabe, nikaanza kuuza mchele wa kwetu. Bibi alifariki, na hakuna mtoto mwingine aliyetembezwa. Kaka akabaki kuwa ndiye mdomo wa bonde. Kwenye harusi walimwita asimame aeleze nani alianza kulima wapi. Kwenye matanga, hivyo hivyo. Wanafunzi walimfuata hadi nyumbani kwake na simu zao kumrekodi historia yetu. Mimi nilikaa na wanawake wenzangu nachambua mchele, namsikiliza, na kila alipofika kwa mjane alisema haraka haraka, "Na huyu alikuwa akinipa intore," watu wakacheka, akaendelea na mwingine. Mara ngapi nimefungua mdomo nikaufunga tena!

Sasa umeelewa kwa nini Jumamosi ile niliwaachia majirani magunia yangu nikapanda basi bila kualikwa.

Bonde sikulitambua. Lilikuwa na rangi moja, ya majivu, na harufu ya samaki waliokufa. Nyumba ya mwalimu ilibaki msingi. Michikichi mingi ilikuwa imelala. Hakukuwa na sauti ya makopo wala ya watoto, kwa kuwa hapakuwa na mpunga wa kulinda. Mlango wa maji ndio uliosimama, nguzo zake mbili za saruji zimeinama kidogo tu. Watu kama arobaini walikuwa wamekusanyika, wengi wao vijana nisiowajua. Wale waliokuwa wakisimama na chakula mkononi walikwisha tangulia, karibu wote, au wamehamia mbali.

Kaka aliteremka kwenye gari akiwa amevaa viatu vya mpira vipya. Alinikumbatia, akafurahi kuniona, kwa kweli alifurahi, na hilo lilinikera zaidi. Kisha akaanza.

Lazima nimpe haki yake. Alikuwa akitembea polepole, anafumba macho, anasogeza mdomo kama anatafuna, halafu anasimama. "Hapa nilikula ndagala. Chimbeni hapa." Wakachimba, na kwenye kina cha magoti vigae vikatoka, na mkaa mweusi kama wa jana. "Hapa, asali." Mkaa. "Hapa, kitumbua." Mkaa tena. Vijana walianza kupiga makofi. Ofisa wa komine alikuwa anaandika na kutikisa kichwa kwa mshangao. Nilitembea nyuma yao kwenye matope na roho inaniuma kama zamani, nikajiona mjinga wa kusafiri kote huko kuja kuona mtu mwingine anapigiwa makofi.

Tukafika kwetu.

Mjane alikwisha fariki siku nyingi. Shamba analilima binti yake, naye ana watoto wanne na ardhi nyembamba ya kutosha tu kuwalisha. Alikuwa amesimama peke yake upande wake, amefunga mikono. Upande wetu alisimama mdogo wangu, kando ya michikichi miwili michanga.

"Mupaka iko hapa, kwenye hii michikichi," mdogo wangu akasema kabla hajaulizwa.

"Apana," binti wa mjane akasema. "Mama alikuwa analima mpaka kule mbele. Hapo mutanikata karibu nusu."

"Shahidi aseme," ofisa akasema.

Kaka akafumba macho. Akasogeza mdomo. Akaenda hatua tatu, akarudi mbili. Niliona jasho kwenye shingo yake. Nilijua mimi peke yangu katika watu wote wale kwamba pale hapakuwa na kitu cha kukumbuka, kwamba ulimi wake haukuwahi kula pale. Hatimaye akafumbua macho, akamtazama mdogo wangu, akatazama michikichi.

"Nafikiri ni hapa," akasema kwa sauti ndogo. "Wekeni jiwe."

Binti wa mjane aliinama akaanza kung'oa majani yaliyokuwa upande wake, kama mtu anayefungasha.

Sasa nisikilize vizuri, maana wengi wamelisimulia jambo hili vibaya. Watu wa kwetu wanasema kwamba nilimwonea huruma yule binti. Wanasema mimi ni mwanamke wa haki, niliyekataa kula ardhi ya yatima. Huruma nilikuwa nayo, ndiyo, kidogo. Lakini kama ingekuwa huruma tu, ningenyamaza, kwa sababu shamba lile ni la baba yangu na damu ni nzito. Kilichonifungua mdomo ni wivu. Nilimwona kaka akitaka kuupoteza mpaka wangu, ule mmoja niliokuwa nao, na sikuweza kuvumilia.

"Si hapo!" nikasema.

Wote wakageuka. Mdogo wangu akanijia haraka. "Dada, nyamaza. Ni shamba ya baba."

"Najua ni ya baba. Mupaka si hapo."

"We unajuaje? Bibi alikuwa anatembeya na ye, si na we!"

"Mi ndo nilikula," nikasema. "Ye alitema. Intore ya mama huyu mi ndo nilikula, miaka tatu."

Hakuna aliyecheka. Kaka alikuwa anatazama viatu vyake. Nilivua kandambili, nikaingia kwenye matope, nikatembea kuelekea upande wetu nikiwa nimegeuza uso kwenye milima ya Congo. Ukungu ulikuwa mwepesi na pengo lilionekana. Nilitembea mpaka likakaa juu ya nguzo ya kushoto. Nikapiga magoti, na hapo likazidi kulia kidogo, basi nikasogea, nikapiga magoti tena. Nguo zangu zilikuwa zimeharibika. Nilikuwa nalia, na sikujali nani ananiona.

"Chimbeni."

Walichimba wakakosa. Mdogo wangu akaanza kusema. Nikawaambia wazidi. Jembe likagonga kigae, na kijana aliyekuwa anachimba akaingiza mkono, akatoa kipande cha mkaa, akakiweka kwenye kiganja changu. Kilikuwa hatua kumi na nne ndani ya ardhi tuliyokuwa tunaiita yetu.

Binti wa mjane alinishika mikono yote miwili. Mdogo wangu aliondoka, na mpaka leo hapokei simu yangu. Mchele nauchukua kwa watu wengine. Ile ilikuwa bei yake na nimeilipa, sitaki kujidai kwamba hainiumi. Lakini pale nimesimama na matope hadi kiunoni, watu arobaini wamenyamaza wananitazama, nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuipata kanisani wala kwenye harusi yangu.

Haikudumu. Ofisa alifungua faili lake kwenye boneti ya gari. Kila mpaka ulikuwa na karatasi yake, na kwenye karatasi palikuwa na mstari wa shahidi. Kwenye zote alikwisha andika jina la kaka tangu ofisini. Nikamwambia huu ni wangu. Akanijibu kwa adabu, "Mama, shahidi wa bonde ni mumoja. Liste ya majina imeshapita kule juu. Cha muhimu jiwe liko mahali pake." Kisha akampa kaka kalamu. Kaka alinitazama. Nilidhani ataisukuma kando. Akaishika, akasaini, moja baada ya nyingine, na ile ya mjane akaisaini kama zingine.

Nilirudi mjini kwenye gari lilelile lililomleta kaka, kwa sababu mabasi yalikwisha pita. Tukaanza kuona taa za kwanza za mji.

"Zilikuwa na uchungu sana?" akaniuliza, bado anatazama dirishani.

"Sana."

"Mi nilikuwa naogopa bibi ataona," akasema. Nikamwambia najua. Aliniteremsha Jabe, akaniaga vizuri, na gari likaendelea Kibenga.

Mawe yamesimama sasa, yana namba na rangi nyekundu juu. Hakuna mtoto atakayetembezwa tena na hakuna haja. Mto ukipanda watasoma karatasi. Asali ile ya mzee wa milimani hakuna tena aliye hai anayejua ilivyokuwa, isipokuwa kaka, na naye hana wa kumrithisha. Ninamwonea wivu hata kwa hilo. Kila nikipepeta mchele namwaza, ana mipaka thelathini na zaidi mdomoni, na akaona vema achukue na wangu.

Karatasi iko komine, imegongwa muhuri, na inasema kwamba mpaka wa mjane aliushuhudia yeye. Watoto wa binti yule wataisoma hivyo, na wajukuu wao. Ndiyo maana nimekuketisha hapa leo nikakueleza yote, mpaka yale yanayoniaibisha. Niliula mimi.